Mpangaji wa Jikoni

Mwaka wa kwanza ziwa lilibisha hodi chooni.
Tukasema, linapita.
Mwaka wa pili likaingia uani bila kuvua viatu,
likaramba chanja la dagaa,
likapanda ngazi mbili za saruji
ambazo baba alizijenga kwa migebuka ya msimu mmoja.
Mwaka wa tatu tulijitwika vitanda
mpaka kwa shangazi Mauwa, Gungu,
huko juu ambako maji huja kwa ndoo na kwa zamu.

Afisa alikuja na utepe.
Mita sitini, alisema, ni za ziwa.
Sisi tulikuwa na kumi na nane.

Leo nimerudi Kibirizi kwa mtumbwi wa kuazima.
Mama amenituma mafiga yake,
yale matatu meusi kutoka kwao Mwamgongo;
anasema ya Gungu yanapasuka, hayajui moto.

Mnandi ameanika mbawa juu ya paa letu
kama mtu anayesubiri shati likauke.
Mlango umekwama kwa mchanga.
Napita dirishani.

Maji ni yale yale ya Tanganyika,
yanakuonyesha mpaka aibu ya chini:
sufuria isiyo na mkono, ndala moja,
kikombe cha bati ambamo kisamaki cha ukubwa wa msumari
kimehamia, kinachungulia, kinarudi ndani.
Ukutani umeota ukoga wa kijani,
laini kama manyoya ya kifaranga cha bata.
Kwenye fremu ya mlango, pale mama alipochonga kwa kisu
urefu wa mapacha kila Idi,
maji yamemfika Bukuru wa miaka tisa.
Butoyi wa miaka tisa alishazama; alikuwa mfupi kwa vidole viwili.
Konokono anapanda taratibu kati yao
kana kwamba anataka kupimwa.

Nikaingiza uso majini, nikayaona mafiga.
Nikanyoosha mkono.

Akanipiga goti.
Samaki wa ukubwa wa kiganja, mistari ya buluu,
mapezi wima kama mgambo aliyekuta mtu getini.
Nikarudi nyuma. Akanipiga tena.
Nyuma yake, katikati ya mafiga, palipokaa majivu,
alikuwapo mwenzake, taya limejaa, limetuna.

Baba alikuwa akiwatupa hao majini wakinaswa.
*Huyo ana watoto mdomoni,* alikuwa akisema,
*hali mpaka wakue.*

Nikakaa kimya mpaka tope likatulia.
Akafungua mdomo.
Wakatoka, sijui thelathini, sijui hamsini,
vijimacho vitupu na mkia,
wakaanza kudonoa masizi ya ugali wetu wa zamani.
Wingu la sabuni likaja kutoka kwa wafuaji wa mwaloni,
jeupe, likiburura mfuko wa nailoni.
Kivuli tu.
Wote wakarudi mdomoni, mbio, kama walioitwa majina.
Akafunga.

Nikamkumbuka mama ule mwaka wa kwanza kwa shangazi.
Sahani ikimfikia, anasema nimeshakula.
Neno likimchoma, anafumba.
Nilidhani amenuna.
Sisi sita tulikuwa humo ndani, tukikua.

Figa moja haliinjiki chungu, najua,
na mawili pia.
Nikapanda mtumbwi mikono mitupu,
magoti yakiwasha.

Mama alikuwa akipepeta mchele.
Yako wapi?
Nikamwambia: jikoni pana mpangaji.
Ungo ukasimama.
Nani?
Mama mmoja na mumewe. Mume ni mkali. Wana watoto wengi.

Alinitazama, akaziona nywele zangu zimelowa,
akaelewa, akacheka mpaka pumba zikamwingia puani,
cheko ambalo Gungu haikuwa imelisikia bado.
Kisha akajifuta, akauliza
kama huyo mwanamke anafagia.

Anafagia, nikasema. Kwa mkia.
Mchanga wote ameusukumia mlangoni.